Jinsi ya kuandaa mpango wa kusimamia na kuhifadhi eneo la urithi, ule ambao watu watautumia kweli

Kama umeingizwa kwenye timu ya kuandaa mpango wa eneo la urithi, na hapa naongelea eneo zima, yaani mji wa zamani, au bonde lenye magofu na mashamba, au misitu ya matambiko iliyotawanyika wilaya mbili tatu, sio jengo moja lenye geti na mlinzi, basi kuna kitu kimoja nakuomba ukishike kabla ya vyote. Eneo la hivyo halitunzwi na ofisi. Linatunzwa na wanaoishi ndani yake, wale wanaolima, wanaoezeka, wanaopaka chokaa, wanaoamua leo hili dirisha nilirudishie la mbao au niweke la alumini. Ofisi inawasaidia, na inawazuia pale inapobidi, basi. Ukiandika mpango kana kwamba ofisi ndio itafanya kila kitu utaishia kabatini hata uwe na kurasa mia tatu na picha za rangi.

Angalia kijiji cha Ogimachi kule Shirakawa, Japani. Nyumba zao zina mapaa ya nyasi yenye mteremko mkali sana, yamesimama hivyo kwa ajili ya theluji. Mwaka 1971 wanakijiji wenyewe walikaa wakakubaliana mambo matatu tu: usiuze, usipangishe, usibomoe. UNESCO wamekuja kuwaweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1995, kwa hiyo makubaliano ya wenyeji yalitangulia kwa zaidi ya miaka 20. Paa likichakaa watu wanatoka kwa pamoja wanasaidiana kuezeka. Sasa kabla hujafungua kompyuta yako nenda kaulize kama huko kwako kuna makubaliano ya namna hiyo, na mara nyingi yapo ila hayajaandikwa popote, mti gani haukatwi, kisima gani hakifuliwi nguo, nani anaombwa ruhusa kabla ya kuchimba. Hayo ndio msingi wa mpango wako, uyakute na uyape nguvu, usije na yako mapya ukayafunika.

Andika kwanza kwa nini eneo lina thamani

Hati moja inayoitwa Burra Charter, ya Australia, imetoka 1979 na imerekebishwa mara kadhaa, ina mpangilio ambao mpaka leo sijaona mzuri zaidi: elewa thamani ya mahali, halafu weka sera, halafu ndio usimamie. Inasikika rahisi lakini watu wengi wanaenda kinyume, wanaanza na miradi (tujenge kituo cha wageni, tuweke taa, tutengeneze barabara) halafu thamani wanakuja kuitafuta mwishoni ili kujaza utangulizi wa ripoti.

Tamko la thamani lisizidi kurasa mbili, na hapa usiandike peke yako. Kaa na wazee, kaa na wanawake bila wanaume kuwepo, kaa na vijana, kaa na wavuvi na wafugaji, na kaa pia na wale waliohamia juzi kwa sababu na wao wanaishi hapo. Utashangaa majibu yanavyotofautiana. Mtaalamu wa mambo ya kale ataona ukuta wa karne fulani, mama wa pale ataona sehemu ambayo harusi zote zinapita, na yote mawili ni thamani halali. Mkutano wa wataalamu wa urithi uliofanyika Nara, Japani, mwaka 1994 ulikubali hilo wazi, kwamba uhalisi wa urithi haupimwi kwa umri wa jiwe peke yake, unaangalia pia matumizi, ufundi, mila na roho ya mahali. Msikiti mkuu wa Djenné nchini Mali unapakwa udongo upya kila mwaka na watu wa mji. Ukimwambia mtu wa Djenné aache ule udongo wa zamani usiguswe kwa sababu ndio "halisi" utakuwa umemwambia auache msikiti udondoke.

Halafu kuna hatua ambayo ripoti nyingi zinairuka na mimi naona ndio yenyewe: kwa kila thamani andika ni vitu gani vinavyoibeba. Mfano umesema huu ni mji wa biashara ya bahari. Sawa, lakini ni nini hasa kinaonyesha hivyo? Vichochoro vyembamba, milango ya kuchonga, baraza za nje ambako watu wanakaa, gati, nyumba zisizozidi urefu fulani, jinsi mji unavyoonekana ukiwa kwenye chombo baharini. Ukishaorodhesha hivyo, siku mtu analeta ombi la ghorofa nane au anataka kuvunja baraza apate parking, huna haja ya kubishana naye kwa hisia, unamuonyesha kitu gani kinapotea na kinabeba thamani ipi. Bila hiyo orodha kila ombi linakuwa mjadala mpya na kila mwenye uwezo atashinda.

Jua kilichopo

Hapa ni kutembea tu. Chora fomu fupi, maana fomu ndefu inajazwa vizuri siku ya kwanza halafu baada ya hapo watu wanabahatisha. Namba ya kitu, mahali kilipo kwa GPS ya simu, picha ya mbele na ya sehemu mbovu, hali yake (nzuri, wastani, mbaya, ya hatari), nani mmiliki, nani anakitumia, nini kinakitishia, na nini kinahitajika haraka. Inatosha kabisa. KoboToolbox inakusanya data kwa simu hata sehemu isiyo na mtandao, QGIS inachora ramani na ni bure, na kuna mfumo unaitwa Arches ulitengenezwa na mashirika mawili ya uhifadhi, Getty Conservation Institute na World Monuments Fund, maalum kwa kazi hii, nao ni bure ila unahitaji mtu anayejua kompyuta vizuri. Kama huna mtu huyo, jedwali la kawaida linalojazwa kwa uaminifu ni bora kuliko mfumo wa kisasa usiofunguliwa.

Kwenye umiliki weka muda wa kutosha, usipapite haraka. Nyumba nyingi zinazoanguka kwenye miji ya zamani hazianguki kwa umaskini peke yake, zinaanguka kwa sababu ni za mirathi, warithi ni ishirini, nusu yao wako mbali, hakuna anayekubali kutoa hela ya paa wakati wenzake hawatoi, na mpangaji aliye ndani naye anajua anaweza kuhamishwa muda wowote kwa hiyo hagusi kitu. Mpango wa ufundi pekee hautatui hilo. Tafuta mwanasheria au mtu wa baraza la usuluhishi awe kwenye timu, na andika kabisa kwenye mpango kwamba kusaidia familia kukubaliana kuhusu nyumba ni kazi ya uhifadhi kama zilivyo kazi zingine.

Na maeneo ya siri yaheshimiwe. Misitu ya kaya za Wamijikenda pwani ya Kenya (kaya hapa ni makazi ya kale ya mababu yaliyo ndani ya msitu) iliingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, ni maeneo kumi yaliyosambaa kama kilomita 200, na nguvu ya ulinzi wake ni wazee wa kaya na miiko yao. Sehemu kama hiyo usiweke alama ya kaburi au kafara kwenye ramani ya kila mtu. Andika "eneo la ndani, uliza wazee" na uishie hapo, data kamili wakae nayo wao.

Mipaka

Unahitaji eneo la kiini, halafu eneo la kinga linalolizunguka, na kitu cha tatu ambacho kinasahaulika, mandhari, yaani kile unachokiona ukisimama pale. Hii ya tatu imeshaumiza miji mikubwa. Bonde la Elbe kule Dresden, Ujerumani, liliorodheshwa 2004 na kufutwa 2009 kwa sababu ya daraja la njia nne lililokatiza katikati ya mandhari yenyewe. Liverpool nayo iliingia 2004 ikatolewa 2021 kutokana na majengo mapya ufukweni. Hifadhi ya Oman ya choroa wa Arabuni, aina ya swala, nayo ilitolewa kwenye orodha mwaka 2007 baada ya serikali kupunguza eneo kwa asilimia 90. Kote huko wataalamu walikuwepo na karatasi zilikuwepo, tatizo ni kwamba uamuzi wa barabara, bandari au mafuta ulifanyika kwenye meza nyingine ambayo mpango wa urithi haukuwa na kiti.

Kwa hiyo mpango wako uingie kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa wilaya au mkoa, kwa sheria ndogo, yenye namba na sahihi. Na weka sharti kwamba mradi wowote mkubwa ufanyiwe tathmini ya athari kwa urithi mapema, wakati mchoro bado unaweza kubadilishwa, sio wakati mkandarasi ameshaleta mashine.

Mipaka yenyewe ifuate vitu vinavyoonekana, mto, barabara, ukingo wa kilima, ili mtu asimame pale na ajue yuko upande gani bila kushika ramani. Kule Angkor, Kambodia, eneo ni kama kilomita za mraba 400 na ndani yake kuna vijiji vingi vyenye watu, kwa hiyo mwaka 1994 waligawa kanda kwa amri ya mfalme na kila kanda ina masharti yake. Wewe unaweza usihitaji kanda tano, kanda mbili zinazoeleweka zinatosha sehemu nyingi. Jaribu masharti yako kwa fundi: msomee, halafu muulize "hapa unaruhusiwa kufanya nini?" Akishindwa kujibu andika upya.

Maji, simenti na mizizi

Sasa hapa ndio napenda watu wakae sana kwa sababu urithi mwingi hauuliwi na vita wala matetemeko, unauliwa na maji yanayovuja taratibu huku kila mtu anasubiri mradi mkubwa wa ukarabati. Mfereji wa paa umeziba, maji yanashuka ukutani, boriti inaoza kwenye ile sehemu iliyoingia ukutani ambayo huioni, baada ya miaka sakafu inashuka. Kusafisha mfereji ni kazi ya ngazi na nusu siku. Andika kalenda ya matengenezo kabla ya kila msimu wa mvua, mitaro, mapaa, mifereji, majani yanayoota juu ya kuta, na kila kazi iwe na jina la mtu. Kama mpango wako wote utakuwa na kurasa moja tu inayofanya kazi basi iwe hii.

Simenti ni adui ambaye anakuja kama rafiki. Ukuta wa zamani wa mawe na chokaa au wa udongo unapitisha unyevu, maji yanaingia na yanatoka. Ukiupiga plasta ya simenti unaonekana mpya na mgumu, lakini unyevu unaopanda kutoka ardhini unakosa pa kutokea, unabaki ndani, chumvi inajikusanya nyuma ya plasta, jiwe linaoza kimya kimya, na siku plasta inadondoka inaondoka na uso wa ukuta. Kwa hiyo mpango lazima uonyeshe chokaa itapatikana wapi, nani anajua kuizima na kuilaza kwenye shimo muda wa kutosha, mafundi wangapi bado wapo na nani wanafundishwa. Hivyo hivyo kwa nyasi na mbao. Makaburi ya Kasubi nchini Uganda, ya wafalme wa Buganda, yaliyo ndani ya nyumba kubwa ya nyasi, yaliungua Machi 2010, yakawekwa kwenye orodha ya hatari, yaani ile ya UNESCO ya urithi wa dunia ulio hatarini, na yametoka huko mwaka 2023. Kuezeka pale ni kazi ya ukoo maalum, ukoo wa Ngeye, kwa maana kwamba hata ungekuwa na hela zote bila wale watu na bila mahali nyasi zinapoota usingerudisha kitu. Andika shamba la nyasi kwenye mpango, andika miti ya boriti itakayopandwa leo kwa ajili ya wajukuu, hizo ni kazi za uhifadhi.

Mizizi nayo, usiivute. Mti umeota juu ya ukuta, mtu anauvuta kwa kamba na unashuka na mita mbili za mawe. Kata shina, acha mizizi ife yenyewe, halafu mianya ijazwe na chokaa. Nyufa zipimwe kabla ya kuzibwa: weka bonge dogo la jasi kuvuka ufa, andika tarehe juu yake, likikatika ujue ukuta bado unatembea na kuziba hakutasaidia mpaka ujue unasukumwa na nini.

Yote haya yana haraka yake. Beit al-Ajaib pale Mji Mkongwe Zanzibar, jengo la 1883, lilishaanguka sehemu mwaka 2012, halafu Desemba 25 mwaka 2020 sehemu kubwa ikaporomoka wakati ukarabati unaendelea na watu wawili wakafariki. Jengo lililo kwenye kundi la "hatari" lipewe miti ya kuliegemeza na uzio wiki hii, mjadala wa rangi na milango uje baadaye.

Moto, bahari na majanga mengine: orodhesha kila hatari, jiulize inaweza kutokea mara ngapi na ikitokea inaharibu kiasi gani, halafu anza na zile zinazopata alama kubwa pande zote mbili. Shirakawa wameweka mabomba ya maji kijiji kizima na wanafanya mazoezi kila mwaka, wakazi wenyewe wanayafungua. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, zilizoorodheshwa 1981, ziliwekwa kwenye orodha ya hatari 2004 kwa sababu magofu yalikuwa yanabomoka na bahari inakula ufukwe, zikatolewa mwaka 2014 baada ya kazi ya miaka. Kwa hiyo inawezekana kurudi, ila ni kazi ya mfululizo, haiwi tukio.

Wageni

Nitapita haraka. Usitafute namba moja ya "wageni wangapi wanatosha", tafuta ni wapi wanakanyaga, wanagusa na wanapumua. Pango la Lascaux nchini Ufaransa lilifunguliwa 1948, likafungwa 1963 kwa sababu pumzi za watu na mwanga vilianza kuharibu michoro, na nakala yake ikafunguliwa 1983 watu wakaendelea kuona. Suluhisho lako linaweza kuwa kufunga njia moja tu, au kubadilisha saa, au kuzuia viatu. Na hela ya kiingilio, sehemu yake ionekane kwa wakazi, kwenye mitaro yao na mapaa yao, na itangazwe hadharani, maana mtu anayebeba usumbufu wa wageni kila siku bila kuona faida atakuwa na haki kabisa ya kuchoka na urithi wenu.

Nani, lini, kwa hela ipi

Maeneo makubwa yana mamlaka nyingi juu ya kipande kimoja cha ardhi: mambo ya kale, misitu, halmashauri, maji, barabara, dini. Kaa nao chini mwandike ukurasa mmoja unaosema ruhusa ya nini inatoka kwa nani na ndani ya siku ngapi. Mwananchi akizungushwa ofisi nne kwa ajili ya kubadilisha bati atabadilisha usiku. Muwe na ofisi moja inayopokea maombi yote na kuyasambaza yenyewe, na ushauri wa ufundi uwe bure, kwa sababu ushauri wa bure kabla ya ujenzi unaokoa vingi kuliko faini baada yake.

Kamati ya usimamizi isijae wakubwa wa ofisi. Wakazi wawe angalau nusu, na wachaguliwe na wenzao. Vikao vifanyike eneo lenyewe, saa ambayo watu wametoka kazini au shambani, kwa lugha inayozungumzwa pale.

Bajeti gawa vikapu viwili na usiruhusu vichanganyike. Cha kwanza ni matengenezo ya kila mwaka, hiki kitoke kwenye vyanzo vya uhakika vya ndani, kiingilio, kodi, halmashauri. Cha pili ni miradi mikubwa, hiki ndio unaweza kuombea wafadhili. Wafadhili wanapenda kuzindua jengo, ni wachache wanaopenda kulipia kusafisha mifereji miaka kumi mfululizo, kwa hiyo ukitegemea hela yao kwa kikapu cha kwanza utakuwa na majengo yaliyokarabatiwa vizuri yanayooza tena. Na kila mradi mkubwa unaoomba, ndani yake weka mafunzo kwa mafundi vijana wa hapo hapo. Makaburi ya Timbuktu, Mali, yaliyobomolewa na wapiganaji 2012 yalijengwa upya na waashi wa mji wenyewe na kukamilika 2015, iliwezekana kwa sababu ufundi ulikuwa bado uko mikononi mwa watu.

Kwenye jedwali la kazi kila mstari uwe na kazi, mtu, tarehe, gharama, na ni thamani gani inalindwa. Mstari usio na jina la mtu ufutwe. Najua inauma kufuta mawazo mazuri, yaweke kwenye orodha ya pembeni yasubiri.

Kufuatilia

Chagua vipimo vichache vinavyopimika na mtu wa kawaida: majengo mangapi yako kundi la hatari mwaka huu ukilinganisha na mwaka jana, mifereji mingapi imesafishwa kabla ya mvua, maombi mangapi ya ujenzi yamejibiwa kwa wakati, mafundi wangapi wa chokaa wanafanya kazi, nyumba ngapi bado wanaishi wenyeji. Hiki cha mwisho usikiache, mji unaweza kuwa na kuta safi kabisa huku watu wote wamehama na kubaki hoteli tupu. Picha zipigwe sehemu ile ile, mwezi ule ule, kila mwaka, weka hata msumari wa alama chini pa kusimama.

Mara moja kwa mwaka somea matokeo mbele ya wakazi, mazuri na mabaya. Mpango wenyewe upitiwe upya kila baada ya miaka mitano, ila tamko la thamani usiliguse kirahisi, libadilishwe pale tu watu wa eneo wamekaa na kukubali. Nakala fupi ya kurasa nne hivi, yenye ramani, masharti ya kila kanda na kalenda ya matengenezo, ichapishwe na ifike kwa kila mwashi, kila mwenyekiti wa mtaa na kila duka la vifaa vya ujenzi, na nakala ndefu yenye data zote ihifadhiwe sehemu mbili tofauti, moja nje kabisa ya eneo, ili meneja akibadilishwa au ofisi ikiungua anayekuja aanzie pale mwenzake alipoishia.